Kabla ya kumpandisha mgeni vilima vya Shela

Mgeni akishashuka jeti ya Amu, yaani mji wa Lamu, akapata maji ya ndimu na pumzi zikamrudia, swali la pili au la tatu huwa ni hili: bustani ya mji iko wapi? Kwao kila mji una uwanja wa nyasi wenye lango na mabenchi. Amu hauna. Mji wa kale, ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, umejengwa nyumba ubavuni mwa nyumba, na katika vichochoro vingi punda wawili wenye mizigo hupishana kwa kubanana. Kivuli cha njiani ni kuta zenyewe.

Kijani cha Amu kiko pembezoni, na kila kipande kina kazi yake. Vilima vya mchanga vya Shela huweka maji ya kunywa. Mikoko ya mkondoni hushika tope na kulea samaki wadogo. Mikungu iliyo mbele ya ngome ndiyo ukumbi wa wazee na wacheza bao. Huko nyuma ya mji kuna mashamba ya minazi, miembe na mikwaju, yenye wenyewe. Anayetembeza wageni bila kujua kazi ya kila mahali atawapitisha pasipopitwa, na madhara yataonekana mwezi wa sita baada ya mgeni kuondoka.

Nianze na Mkunguni, maana ndipo kila mtu anapoanzia. Uwanja umepewa jina la mti, kama mtaa wa Mkomani ulivyo na jina la mkoma. Mkungu unastahimili chumvi na upepo wa pwani, matawi yake hutanuka kwa ghorofa, na majani huwa mekundu kabla ya kupukutika. Mgeni akiyaona mekundu hudhani mti unakufa. Mwambie hapana, huo ndio mwendo wake.

Kinachoua mti wa uwanjani ni mambo matatu, na yote hutoka kwa watu wema. La kwanza ni saruji. Mtu anataka uwanja uwe safi, anamwaga saruji mpaka shinani. Mizizi inakosa hewa na mvua, na mti unaanza kukauka kutoka nchani. Acha duara la udongo wazi lisilopungua mita 1.5 kutoka shinani pande zote, na kama lazima kuwe na sakafu, tandika mawe bila kuyaziba kwa saruji ili maji yapenye. La pili ni maji machafu ya kuoshea vyombo vya biashara: sabuni, chumvi na dawa ya kufulia. Ndoo moja haina neno, lakini ndoo nne kila jioni mahali pamoja huchoma mizizi. La tatu ni kamba ya punda. Chakula cha mti hushuka kupitia safu nyembamba chini tu ya gome, na kamba ikisuguliwa pande zote za shina, gome likatoka mviringo mzima, mti umekwisha hata kama majani bado mabichi. Mti mchanga uzungushie vigingi vitatu vya urefu wa mita 1.5, na punda apewe nguzo yake mwenyewe hatua kumi mbali.

Ukipanda mkungu mpya, shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60 linatosha. Mwagilia lita 20 mara mbili kwa wiki msimu wote wa kaskazi, umwage polepole ili maji yashuke. Maji ya kisima chenye chumvi mti mkubwa huyavumilia, mche huyakataa. Majani yaliyoanguka yasichomwe shinani. Yasogeze yafunike udongo, kimo cha vidole vinne, bila kugusa gome.

Sasa vilima.

Shela ni mwendo wa kilomita 3 kutoka mjini, dakika 40 au 45 kwa miguu, na maji yakijaa sehemu ya njia ya pwani hufunikwa. Baada ya kijiji ufuo unaendelea kiasi cha kilomita 12, na nyuma yake ndiyo vilima. Mgeni anaona mchanga mtupu mzuri kwa picha, wala hajui kuwa amesimama juu ya tangi la mji.

Tangi hilo hufanya kazi hivi. Mvua ikinyesha vilimani haitiririki, mchanga huimeza palepale. Kule chini yale maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, mfano wa mafuta ya nazi juu ya maji. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi tu, na kwa tofauti hiyo ndogo hesabu inatoka kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na takriban mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Hesabu hiyohiyo ukiigeuza inatisha. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa sentimita 10 na kuyaacha hapo, mpaka wa chumvi chini yake huelekea kupanda mita 4. Haupandi kwa siku moja. Huchukua wiki, huchukua miezi, na ndiyo maana mwenye pampu haoni kosa lake mapema. Siku chai inapoanza kuwa na ladha ya chumvi huita fundi achimbe zaidi, na fundi akichimba zaidi anaifuata chumvi ilipo. Dawa ni kuvuta kidogo kidogo kutoka visima vingi vifupi vilivyo mbalimbali, na kukipumzisha kisima kilichoharibika mpaka mvua za misimu kadhaa ziisukume chumvi irudi chini. Hakuna njia ya mkato.

Kwa hiyo urefu wa kilima ni akiba. Anayechota mchanga wa ujenzi nyuma ya ufuo anapunguza akiba, hata kama ni mikokoteni michache. Anayejenga juu yake anapunguza pia, kisha anachimba choo. Mchanga hauchuji uchafu kama watu wanavyodhani. Maji hupita humo upesi. Umbali wa kisima na shimo la choo unaotajwa sana ni mita 30, na mimi kwenye mchanga mtupu ningetaka zaidi, tena choo kikae upande maji yanakoelekea, kisima upande yanakotoka.

Miguu ya wageni inaingiaje hapa? Inaingia kwa mlakasa. Huo ni mmea utambaao wenye maua ya zambarau na jani lililopasuka mfano wa kwato ya mbuzi. Uzi mmoja wa mlakasa hutambaa mita kadhaa juu ya mchanga mkavu, kila kifundo kikitia mzizi. Ukiukanyaga mara moja hausikii. Kundi la watu 12 likipita juu yake kila alasiri kwa wiki mbili, nyuzi hukatika, mchanga unabaki wazi, na kusi likianza kuvuma linachimba hapo bakuli. Kingo za bakuli huporomoka kila siku na kung'oa mizizi ya jirani, kwa hiyo kidonda hukua chenyewe hata wageni wakikoma kuja. Mchanga uliotoka hapo huenda kufukia kisima cha mtu au uzio wa mtu.

Wapo wanaobisha kwamba mimea nayo hunywa maji, hivyo mchanga mtupu ungeingiza mvua nyingi zaidi. Kweli, mimea hunywa. Lakini kilima kisicho na mmea hakikai mahali pake, na akiba inayohama na upepo si akiba. Ninachokubaliana nao ni kuhusu mvinje. Watu huupenda kwa sababu unakua haraka na kivuli chake ni kizuri, ila unanyonya maji mengi na majani yake membamba hufunika mchanga hata mlakasa usiote. Mvinje upandwe huko chini, karibu na nyumba. Juu ya vilima paachiwe mlakasa, mikoma na vichaka vya wenyewe.

Utaratibu wa kutembeza watu ni huu. Kundi lisizidi watu 8 kwa mtembezaji mmoja. Wakiwa 12, wa nyuma hawasikii na kila mmoja hutafuta njia yake. Tembea ufuoni kwenye mchanga uliolowa, chini ya mstari wa taka ambao maji makuu yameuacha. Mstari huo ni mpaka mzuri hata kwa sababu ya kasa, maana mashimo ya mayai huwa juu yake, na mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 70 bila alama yoyote anayoweza kuiona mgeni. Pa kupandia kilima pawe pamoja, palepale kila siku. Njia ipande kwa kukata mshazari. Ikinyooka sawasawa na upepo wa kusi inageuka mfereji. Kushuka kwa kuteleza na ubao kwenye uso wa kilima ni jambo ambalo mtembezaji alikatae hata kama mgeni ameahidi bakshishi, kwani uso huo una mwinamo wa nyuzi 33 hivi, mwisho kabisa wa mchanga mkavu kujishika. Ukisukuma sehemu ya chini, ya juu inafuata.

Kidonda kidogo kinaweza kutibiwa na watu wanne kwa siku mbili. Chukua makuti mabichi na vigingi, simamisha ua wa kimo cha mita 1 ukikingama upepo. Siri iko kwenye matundu: nusu ya ua iwe kuti, nusu iwe wazi. Ua ulioshonwa ukabana kama wa shambani huugeuza upepo uchimbe miguuni pake, na baada ya mwezi unauona umelala. Ua wenye matundu hupunguza mwendo wa upepo, mchanga ukaanguka upande wa pili. Ukishafunikwa karibu wote, simamisha mwingine juu ya ule wa kwanza. Mvua za masika zikianza, kata nyuzi za mlakasa za sentimita 50 au 60, fukia theluthi mbili pamoja na vifundo visivyopungua vitatu, nafasi ya nusu mita. Ukipanda kwenye kaskazi unapoteza kazi, mchanga wa mchana una joto la kuunguza mguu, sembuse mzizi usiojishika bado.

Wenye nyumba za wageni huandika kwenye kibao "tunza mazingira" juu ya kapu la taka. Taka zinaonekana, ndiyo maana zina sifa kubwa kuliko maji. Hesabu ifanyike kwa mitungi ya lita 20, kipimo ambacho kila nyumba inakijua. Kuoga kwa kopo na ndoo humaliza mtungi mmoja au pungufu. Bomba la mvua la kawaida hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika, dakika kumi ni mitungi minne au mitano. Bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4, kina mita 1.5, linachukua lita 48,000, yaani mitungi 2,400. Jua na upepo vinaondoa milimita 5 hivi kwa siku, kwa hiyo kila siku bwawa hilo linadai mitungi 8 ili libaki palepale, hata kama hakuna aliyeogelea. Mimi sioni bwawa la maji matamu likihitajika mahali penye bahari hatua mia.

Wazee walikuwa na birika, tangi la maji la kujengwa, chooni, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Katika sakafu ya birika nyingi kulitiwa bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kusalia. Birika lilikuwa linamwonyesha mtumiaji kiasi kilichobaki, jambo ambalo bomba haliwezi. Visiwa vingine vya Lamu vina jabia za kukusanyia mvua, na nyumba ya wageni yenye dari la chokaa, yaani paa bapa, inaweza kufanya vilevile. Mita moja ya mraba ya dari ikipata milimita 1 ya mvua hutoa lita 1. Dari la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 2,000. Toa moja ya tano kwa kinachopotea, unabaki na mitungi 80. Maji ya mwanzo ya kila mvua yamwage, lita 50 hivi kwa dari hilo, ndiyo yenye mavi ya kunguru na vumbi. Maji ya paa la makuti yana rangi ya chai na yafae mimea tu.

Kuhusu plastiki nitasema machache. Mifuko imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja tangu Juni 2020 haviruhusiwi katika hifadhi. Amu kwenyewe kumejengwa jahazi zima kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, FlipFlopi, lililoshushwa majini mwaka 2018 na fundi wake Ali Skanda, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Kwa matembezi ya kawaida, chupa za chuma na dumu la kujazia mashuani zinatosha. Mabaki ya chakula nayo yarudi mjini. Yakiachwa ufuoni huleta kunguru wa Kihindi, naye hula mayai na makinda ya ndege wengine.

Mashambani mambo ni mepesi: ni kwa watu, na mtu huombwa. Mtembezaji anatangulia, anapiga hodi kabla wageni hawajafika. "Hodi ami, nina wageni wanne, twapita kwenda Kipungani." Akijibiwa karibuni, wanapita. Embe lililo chini lina mwenyewe vilevile.

Panaponiudhi ni kwenye mikoko, kwa sababu uharibifu wa huku hufanywa kwa jina la hifadhi. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Boriti zake, zenye unene wa sentimita 11.5 hadi 13.5, ndizo zilizopima upana wa vyumba vya mji wa kale, na ndizo zilizosafirishwa kwa majahazi mpaka serikali ilipozuia kuziuza nje mwaka 1982. Siku hizi mgeni hutaka kupanda mkoko wake apigwe picha. Wanampeleka kwenye tope tupu lililo karibu na mashua, anachomeka mia moja, anaondoka. Miezi mitatu baadaye hakuna kitu.

Tope lile lilikuwa tupu kwa sababu. Mara nyingi ni la chini mno: maji hulifunika saa nyingi za siku, na mche huzama. Au ni malisho ya kasa, penye majani ya bahari, na kupanda hapo ni kuharibu kimoja kwa kingine. Kila aina ina daraja lake. Mlilana hukaa mbele kabisa kwenye maji, aina iitwayo mkoko hasa huufuata, kisha muia na mkandaa, na mchu hushika upande wa nchi kavu penye chumvi kali, ingawa mara nyingine utaukuta na mbele pia. Tazama mti mkubwa ulio karibu, usimame kwenye kimo kilekile cha ardhi, upande aina ileile. Na ukikuta miche imeshaota yenyewe, funga mkono. Mahali hapo hapahitaji msaada wako, pahitaji usikanyage.

Pale palipokatwa na hapajarudi, panda hivi. Subiri maji mafu, yale ya mwezi nusu. Bamvua, yaani maji makuu, lenye kupanda na kushuka kwa mita 3 hivi, litang'oa kila kitu kabla hakijatia mzizi. Mbegu ya mkoko ni ile ndefu iliyochipua mtini. Iliyokomaa ina pete ya manjano inapoungana na tunda, na ukiigusa kwa kuizungusha kidogo huachia yenyewe. Ile unayoivuta kwa nguvu haijaiva. Chagua za sentimita 35 kwenda juu, ugeuze kila moja uitazame: kitundu kidogo chenye unga maana yake mdudu yumo, itupe. Zifunike kwa gunia lililolowa, kivulini, zipandwe ndani ya siku chache. Ncha iliyochongoka inakwenda chini, theluthi moja ndani ya tope, isimame wima. Ikiingia kidogo zaidi ya hapo inaelea, na ikiingia sana inaoza. Nafasi ni mita 1 mahali pa utulivu, mita 1.5 penye udongo mzuri. Kwa nafasi ya mita 1, eneo la mita 10 kwa 10 linameza mbegu 100, kazi ya wageni 10 wakipanda kumi kumi bila haraka.

Rudi baada ya miezi 3 uhesabu. Yenye majani mawili au manne imeshika. Iliyojaa viganda vigumu vya baharini, kama vile vinavyoshika tumbo la mashua, imekaa chini mno. Usiirudishie nyingine hapo, panda juu zaidi. Iliyokatwa shingoni ni kaa. Iliyoliwa majani, hasa ikiwa ni mchu, ni mbuzi au punda, na hapo unazungumza na mwenye mbuzi kabla ya kupanda tena.

Safari ya magofu ya Takwa, kule kisiwani Manda, hupitia mkondo wa mikoko ambao mashua huingia maji yakiwa yamejaa tu. Nahodha na mtembezaji wapatane saa kabla ya kuondoka: fika kama saa mbili kabla ya maji kujaa, tembeeni magofuni, na mashua iwe imegeuza uso kabla haijapita saa moja baada ya kujaa. Wakichelewa, mashine itakoroga tope lote la mkondo, au watu watashuka kusukuma wakikanyaga vile vijiti vya mchu vinavyosimama topeni, ambavyo ndivyo pua zake. Mashine izimwe mkondo unapobana, itumike pondo, ule mti wa kusukumia mashua. Mgeni anayetaka picha zaidi apigie akiwa amekaa mashuani.